David Caminer: Mtu wa kampuni ya chai aliyeifunza tarakilishi kazi ya ofisi

MKULIMA mdogo wa Litein au Konoin anapowasilisha majani chai yake katika kituo cha ununuzi siku hizi, hatazami tena mkono wa karani ukiandika tarakimu kitabuni. Majani hupimwa kwa mizani ya kielektroniki, uzani hunakiliwa na mtambo, naye huondoka na kijikaratasi kinachothibitisha kilo alizouza. Tarakimu hizo ndizo huamua malipo yake ya mwezi, na zikijumlishwa ndizo huamua bonasi ambayo familia nyingi za Kericho na Bomet huitegemea kulipia karo na madeni. Mtambo ukikosea, anayeumia ni mkulima, wala si aliyeuunda.

Huenda vijana wa eneo hili wanaosomea taaluma ya tarakilishi katika Chuo Kikuu cha Kabianga na kwingineko wakadhani kuwa teknolojia hiyo ni mgeni aliyebisha hodi juzi tu kwenye sekta ya chai. La hasha. Tarakilishi ya kwanza duniani kukabidhiwa kazi za kawaida za ofisi ya biashara haikuundwa na jeshi wala na kampuni ya mitambo. Iliundwa na kampuni iliyouza chai, mikate na keki jijini London, na ilianza kazi mwaka wa 1951.

Aliyeamua tarakilishi hiyo ifanye nini, kwa utaratibu gani, na ni lini ingeweza kuaminiwa na mshahara wa mtu, aliitwa David Caminer. Alifariki mwaka wa 2008, lakini namna alivyosimamia kazi yake ingali na mengi ya kumfunza anayetaka kuunda programu au kupanda ngazi katika taaluma hii.

KIJANA ASIYEPITIA CHUO KIKUU

Caminer alizaliwa Juni 26, 1915, katika mitaa ya mashariki ya London, na jina alilopewa ni David Treisman. Hakupata fursa ya kumjua babake, aliyeuawa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Mamake aliolewa tena, na mtoto akachukua jina la babake wa kambo, Felix Caminer.

Alisomea shule ya Sloane mtaani Chelsea. Alikuwa na akili pevu, ila miaka hiyo ya 1930 ilikuwa ya ukosefu wa ajira na misukosuko ya kisiasa kote Ulaya, naye akavutiwa na siasa za mrengo wa kushoto kuliko vitabu. Hakujiunga na chuo kikuu. Mnamo 1936, akiwa na umri wa miaka 21, aliajiriwa na kampuni ya J. Lyons kama mwanagenzi wa usimamizi.

Wakazi wa Kericho wanalijua vyema jina la Brooke Bond, kampuni iliyoanza kupanda chai katika milima hii miaka ya 1920. Lyons ilikuwa mshindani wake katika soko la Uingereza. Ilikuwa na shamba lake la chai la Lujeri huko Nyasaland, nchi ambayo sasa ni Malawi, na kiwanda cha kutayarisha na kupakia chai huko Greenford, magharibi mwa London. Ilimiliki pia viwanda vya mikate na maduka mengi ya chai ambako Mwingereza wa kawaida aliketi akanywa kikombe kimoja na kula andazi kwa bei nafuu.

Biashara ya namna hiyo ina taabu yake. Faida ya kikombe kimoja cha chai ni ndogo mno, lakini kila kikombe, kila keki na kila pakiti lazima iandikwe, ijumlishwe na kukaguliwa. Lyons ilikuwa na jeshi la makarani waliofanya hesabu hizo, na gharama yao ingeweza kumeza faida yote. Kwa sababu hiyo, kampuni ilikuwa imeunda ofisi maalumu ya kuchunguza jinsi kazi zilivyofanywa na jinsi ya kuzirahisisha. Mwenye maono hayo alikuwa John Simmons, mwanahisabati wa Cambridge aliyejiunga na Lyons mwaka wa 1923.

VITA NA KUREJEA KAZINI

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, Caminer alijiunga na jeshi la nchi kavu katika kikosi cha Green Howards. Machi 1943, katika mapigano makali ya Mareth nchini Tunisia, alijeruhiwa vibaya na kupoteza mguu mmoja. Alirejea nyumbani, na Lyons ikampokea tena.

Ndipo alipokabidhiwa ofisi ile ya kuchunguza mifumo ya kazi. Msomaji asiipuuze hatua hii, kwa maana ndiyo msingi wa yote yaliyofuata. Kabla hajaiona tarakilishi hata moja, Caminer alitumia miaka yake akifuatilia karatasi za kampuni. Nani hujaza fomu hii? Kwa nini? Inapelekwa kwa nani? Je, kuna mwingine anayeandika tarakimu zizo hizo mahali pengine? Kazi ikivurugika, huvurugika katika hatua ipi?

Leo kazi hiyo huitwa uchanganuzi wa mifumo, na vyuo vikuu hutoa shahada kwayo. Wakati huo haikuwa na jina rasmi. Ndiyo maana wanahistoria wengi wa teknolojia humtaja Caminer kuwa mchanganuzi wa mifumo wa kwanza wa tarakilishi za biashara.

Mwaka wa 1947, wakuu wawili wa Lyons, Raymond Thompson na Oliver Standingford, walizuru Marekani kutafuta mbinu mpya za kuendesha ofisi. Huko walisikia habari za mitambo ya kielektroniki ya kufanyia hesabu, ambayo wakati huo ilitumiwa na wanasayansi na wanajeshi. Walielezwa pia kwamba si lazima wavuke bahari ili kuuona mtambo kama huo, kwani Chuo Kikuu cha Cambridge kilikuwa kikiunda wake, chini ya Maurice Wilkes.

Lyons ilikipa chuo hicho msaada wa pauni 3,000 na kukiazima fundi wake mmoja. Tarakilishi ya Cambridge, iliyoitwa EDSAC, ilipofanya hesabu yake ya kwanza Mei 6, 1949, kampuni ya chai iliamua kujiundia ya kwake kwa mfano huo. Mhandisi John Pinkerton aliajiriwa kusimamia ujenzi. Mtambo ukapewa jina LEO, kutokana na herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya ofisi ya kielektroniki ya Lyons. Neno hilo katika Kilatini ni simba.

Ulikuwa mtambo wa kutisha. Ulijaza ukumbi mzima katika makao ya kampuni, Cadby Hall, ukiwa na valvu zipatazo 6,000 za kioo zilizotoa joto kali, na kumbukumbu yake ilihifadhiwa kwa mawimbi ya sauti yaliyopita ndani ya mirija ya zebaki. Hata hivyo, uwezo wa kumbukumbu hiyo ni chembe tu ya ule wa simu ya bei rahisi inayouzwa sokoni Bomet leo. Kila agizo lililoandikwa lilipaswa kupimwa kama chumvi ya mchuzi.

KUANZA NA KAZI NDOGO

Wahandisi walishughulika na nyaya na valvu. Caminer naye aliongoza kundi la kuchanganua kazi na kuandika programu. Hapakuwa na kitabu cha kumwelekeza, wala mtu wa kumuuliza, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amelifanya jambo hilo kabla yao.

Lengo kuu la kampuni lilikuwa orodha ya mishahara. Tangu 1944 Uingereza ilikuwa ikikata kodi ya mapato moja kwa moja kutoka kwa mshahara, na hesabu ya kila mfanyakazi ilikuwa imegeuka kuwa mzigo. Pupa ingewaelekeza waanze na kazi hiyo. Hawakufanya hivyo.

Walianza na hesabu za viwanda vya mikate: thamani ya mikate, keki na vitafunio vilivyookwa kila wiki, ikilinganishwa na gharama ya unga, sukari, nguvukazi na umeme. Ilikuwa kazi ya maana, lakini yenye tarakimu chache za kuingiza na chache za kutoa. Kubwa zaidi, ikiwa mtambo ungekwama, makarani wangeweza kurudia hesabu kwa mkono, na hakuna ambaye angelala njaa. Programu hiyo ilitekelezwa kwa mara ya kwanza Septemba 5, 1951, na kufikia mwisho wa Novemba mwaka huo ilikuwa ikifanywa kila wiki bila kukosa.

Hatua hiyo ina funzo kwa kijana aliyepewa zabuni ya mfumo mpya wa chama cha ushirika au wa kiwanda. Kishawishi ni kuanza na sehemu inayong'aa, au kuzindua kila kitu kwa siku moja mbele ya wageni waheshimiwa. Caminer na wenzake walichagua sehemu ambayo ingewafunza bila kumuumiza mtu. Haba na haba hujaza kibaba.

Ucheleweshaji haukukosekana. Kampuni ya nje iliyopewa kazi ya kuunda mitambo ya kasi ya kuingiza na kutoa tarakimu, kwa kutumia utepe wa sumaku, ilishindwa kuifanya itegemeke. Tarakilishi ilikuwa tayari kuhesabu, lakini haikuwa na njia ya kulishwa haraka wala ya kutapika majibu. Hatimaye Lyons iliachana na mpango huo na kugeukia vifaa vya kawaida vya kadi zilizotobolewa matundu, ambavyo vilikuwa vimezoeleka maofisini kwa miaka mingi.

Hapo msimamizi hupimwa. Kukiri kwamba fedha na muda vimepotea kwa njia isiyofaa si jambo jepesi, na wengi huendelea kuifuata njia mbovu kwa kuwa wameshaigharimia. Lyons ilikubali hasara na kuchukua kifaa cha zamani kilichofanya kazi badala ya kipya kilichoahidi tu.

MSHAHARA WA MTU HAUCHEZEWI

Caminer alikuwa na imani moja ambayo hakuiacha maisha yake yote, kwamba mtambo utaharibika, na mtu atakosea. Valvu moja kati ya hizo maelfu ingeweza kuungua wakati wowote. Kwa hivyo, programu zilipangwa kwa namna ambayo hesabu ingehifadhiwa kila baada ya hatua fulani, ili kazi ikikatika iendelezwe kutoka pale badala ya kuanzishwa upya. Wahandisi nao walikuwa na desturi ya kuujaribu mtambo kwa kuubadilishia nguvu za umeme kimakusudi kabla ya kazi kuanza, ili valvu dhaifu ifichuke mapema.

Kwa upande wa tarakimu, jumla zilizotolewa na tarakilishi zililinganishwa na jumla zilizofanywa kando. Kwa upande wa programu, kila ukurasa ulioandikwa na mmoja ulikaguliwa na mwingine kabla haujaingizwa kwenye mtambo. Sisi tunaohariri habari tunaijua thamani ya desturi hiyo. Mwandishi husoma alichokusudia kuandika, ilhali jicho la pili husoma kilichoandikwa.

Orodha ya mishahara haikukabidhiwa LEO kwa ghafla. Kwa muda, tarakilishi na makarani walifanya hesabu zile zile sambamba, na kila tofauti ikafuatiliwa hadi chanzo chake kikajulikana. Ni mwanzoni mwa 1954, zaidi ya miaka miwili baada ya hesabu za mikate kuanza, ambapo kazi hiyo iliachiwa mtambo. Karani mzoefu alihitaji takriban dakika 8 kukokotoa mshahara wa mfanyakazi mmoja. LEO ilihitaji sekunde 1.5.

Kasi hiyo ndiyo iliyovutia magazeti ya wakati huo. Lakini Caminer alifahamu kwamba mwoka mikate hana haja na sekunde. Haja yake ni kufungua bahasha siku ya malipo na kukuta kiasi alichotolea jasho. Bahasha moja yenye kasoro ingetosha kuondoa imani ya kiwanda kizima, na imani ikiondoka hairejeshwi kwa kasi ya mtambo.

SIMU ZA KILA ALASIRI

Kazi iliyodhihirisha zaidi kipaji chake ni ile ya kusambaza vyakula katika maduka ya chai, iliyoanza Oktoba 1954. Kila duka lilihitaji kuagiza bidhaa za siku iliyofuata. Kabla ya hapo, kila msimamizi wa duka alijaza fomu ndefu kila siku, ingawa aghalabu mahitaji yake hayakubadilika sana.

Caminer na wenzake waligundua kwamba fomu zile zilirudia jambo lile lile. Wakaweka kwenye tarakilishi agizo la kawaida la kila duka kwa kila siku ya wiki. Msimamizi wa duka, ambaye mara nyingi alikuwa mwanamke, alipigiwa simu alasiri na kuulizwa jambo moja tu, iwapo kuna mabadiliko. Mvua ikinyesha, apunguze barafutamu. Kukiwa na sherehe mtaani, aongeze keki. Karani aliyempigia alitoboa kadi papo hapo, na usiku LEO ikapanga kitakachopakiwa kwa kila duka.

Hapakuwa na ajabu ya uhandisi katika mpango huo. Ajabu ni kwamba waundaji walielewa siku ya mwanamke yule ilivyo, wakamwondolea mzigo badala ya kumwongezea. Baadaye LEO ilipewa pia hesabu za idara ya chai yenyewe, yaani akiba ya aina mbalimbali za chai zilizonunuliwa na jinsi zilivyochanganywa kabla ya kupakiwa.

Tofauti ni kubwa kati ya mpango huo na mifumo mingi tunayokutana nayo leo, ambapo mwananchi hujaza jina lake, nambari ya kitambulisho na kijiji chake mara tatu katika kurasa tatu za ofisi moja.

MWALIMU MKALI

Caminer hakuwa mtu wa kuchekacheka kazini. Waliofanya kazi chini yake walimfahamu kuwa mkali, asiyevumilia uzembe, na mwenye kurudisha kazi mara nyingi hadi iridhishe. Saa za kazi zilikuwa ndefu na hasira zake zilikuwa karibu. Wapo waliochoshwa. Lakini wengi waliopitia mikononi mwake walikuja kuwa viongozi wa taaluma hiyo, na walimshukuru.

Njia yao ya kuipata kazi inafaa kuangaliwa. Miaka hiyo hapakuwa na shahada ya tarakilishi ya kuonyesha. Lyons iliandaa kozi fupi ya majaribio, ikawaalika waajiriwa wake na watu wa nje, na kuchagua waliodhihirisha uwezo wa kufikiri kwa utaratibu. Frank Land, aliyeajiriwa mwaka wa 1952 akiwa karani, aliibuka kutoka kozi hiyo na baadaye akawa profesa mashuhuri wa mifumo ya habari jijini London. Mary Coombs, aliyesomea Kifaransa na historia, naye alikuwa akifanya ukarani Lyons alipofanya majaribio hayo mwaka huo huo. Akawa mwanamke wa kwanza kuandika programu za tarakilishi ya biashara, na alichangia programu ya mishahara. Aliaga dunia Februari 2022.

Kwa hivyo taaluma hii ilianzishwa na watu waliotoka kwenye kazi za kawaida, wakaijua tarakilishi baadaye. Binti wa Sotik aliyewahi kushika daftari la kituo cha majani chai, akajua ni kwa nini uzani hubishaniwa na ni wapi malipo hukwama, ana mtaji ambao mhitimu wa jijini hana. Kinachobaki ni kujifunza kuandika programu, na hilo hufundishika.

KUPANDA NA KUSHUKA

Mafanikio ya LEO yaliwafikia wengine. Kiwanda cha magari cha Ford cha Dagenham kililetea Lyons hesabu za mishahara ya wafanyakazi wake, na wataalamu wa hali ya hewa wakaja kujaribu utabiri wao. Novemba 1954 Lyons iliunda kampuni tanzu, LEO Computers, ili kuunda na kuuza tarakilishi. Caminer alikuwa miongoni mwa waliopanda hadi kuwa wakurugenzi wake. LEO ya pili ilitoka mwaka wa 1957. Ya tatu, iliyoweza kushughulikia kazi kadhaa kwa wakati mmoja, ilianza kutumika mwaka wa 1962, na mojawapo ilifika hadi Johannesburg. Idara ya posta ya Uingereza ilizitumia LEO za kizazi hicho hadi mwaka wa 1981.

Hata hivyo, ubora wa mtambo hauhakikishi ushindi sokoni. Kuunda tarakilishi kulihitaji fedha nyingi kuliko ambazo muuzaji wa chai na keki angeweza kutoa, na Wamarekani, wakiongozwa na IBM, walikuwa na mtaji na mawakala kila pembe ya dunia. Mwaka wa 1963 LEO iliunganishwa na kampuni ya English Electric, na muda si mrefu Lyons ikajiondoa kabisa. Mtambo wa kwanza ulizimwa Januari 1965 na kuvunjwavunjwa. Kufikia 1968, mabaki ya juhudi hizo yalikuwa yamemezwa ndani ya kampuni mpya ya ICL.

Wengine wangekata tamaa. Caminer, aliyekuwa amepita umri wa miaka 50, alifuata kazi ilikokwenda. Alihudumu ICL katika nyadhifa kadhaa, na jukumu lake kubwa la mwisho lilikuwa kusimamia mradi wa mtandao wa tarakilishi wa Jumuiya ya Ulaya huko Luxembourg. Alistaafu mwaka wa 1980 na kutunukiwa nishani ya OBE mwaka huo huo.

Kwa miaka mingi jina lake halikujulikana nje ya kundi dogo. Vitabu vingi vya historia viliisimulia tarakilishi ya biashara kana kwamba ilianzia Marekani. Uzeeni, Caminer alishirikiana na wenzake kuandaa kitabu kuhusu LEO kilichochapishwa mwaka wa 1996, na heshima ikaanza kumfikia. Mwaka wa 2006, Chuo Kikuu cha Middlesex kilimpa shahada ya heshima, yeye ambaye hakusomea shahada yoyote. Alifariki Juni 19, 2008, siku saba tu kabla ya kutimiza miaka 93.

MASHINE NA WENYEJI

Yapo maswali ambayo maisha ya Caminer yanayaibua hapa kwetu. Mwezi Mei 2023, maandamano dhidi ya mashine za kuchuma majani chai yalizuka Kericho. Mashine kadhaa ziliteketezwa, maafisa wa polisi na raia wakajeruhiwa, na mtu mmoja akapoteza maisha. Wenye mashamba walitaja gharama ya uzalishaji. Wachumaji walitaja ajira iliyowaponyoka. Uteketezaji wa mali hauwezi kusifiwa, lakini hasira ile haikutoka hewani. Ilitoka kwa watu walioona mtambo ukiingia shambani bila wao kuwa na nafasi katika hesabu yake.

Si haki kudai kwamba Caminer alikuwa na jibu la mgogoro kama huo. Alifanya kazi katika nchi nyingine, na wakati ambapo aliyeacha daftari la ukarani aliweza kupata kazi nyingine kwa urahisi zaidi kuliko mchumaji wa Kericho wa sasa. Lakini aliacha mfano unaoweza kufuatwa. Mtambo hauanzi kwa kununuliwa. Huanza kwa mtu kuketi na wanaoifanya kazi, akaielewa siku yao tangu alfajiri hadi jioni, akajua watakaoondolewa mzigo na watakaopoteza mkate, kisha ndipo akaandika agizo la kwanza.

Wapo vijana wa Kericho na Bomet ambao mwaka huu watabuni programu za simu za kuwasaidia wakulima wa chai. Baadhi watashinda tuzo mijini kabla hata mkulima mmoja hajaitumia programu yao. Wangefanya vyema kutenga wiki moja kabla ya kufungua tarakilishi zao, wakaraukia kituo cha ununuzi huko Mogogosiek au Kapkatet, wakasimama kando ya karani majani yakipimwa, wakamsikiliza mama aliyepunguziwa kilo na dereva wa lori lililochelewa kwa sababu ya matope. Caminer alianzia mahali kama hapo, katika kampuni iliyouza chai.